Bustani na nyuki: Kinga ya mkulima wa Newala na Masasi dhidi ya kangomba

MKULIMA wa korosho katika wilaya za Newala na Masasi, mkoani Mtwara, hupata fedha za maana mara moja tu kwa mwaka. Mikorosho huchanua kati ya Juni na Septemba, korosho huanza kuokotwa Septemba au Oktoba, minada hufuata, na malipo huingia kuelekea mwisho wa mwaka iwapo mambo yamekwenda sawa. Baada ya hapo kaya huishi kwa ilichoweka. Miezi ya Januari hadi Machi, wakati mvua zimekolea, akiba ya ghalani imepungua na mahindi mapya hayajakomaa, ndiyo migumu kuliko yote. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapopata mlango.

Kangomba ni jina la ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Mfanyabiashara hutoa fedha taslimu kabla ya mnada, mara nyingine hata kabla ya mikorosho kuchanua, kisha hulipwa kwa korosho wakati wa mavuno. Kipimo ni bakuli au kopo badala ya mizani, na bei huwa chini sana ya ile ya mnadani. Serikali imeupiga marufuku mara kadhaa na watu wamekamatwa, lakini biashara hiyo haijafa. Anayeuza kwa njia hiyo hajui hesabu kidogo kuliko anayenunua. Ana mtoto anayetakiwa kuripoti shuleni, au mgonjwa, au debe la unga limekwisha, na korosho zilizo juu ya mti ndiyo mali pekee anayoweza kuiweka rehani.

Kwa sababu hiyo, bustani ya mboga nyuma ya nyumba na mizinga michache ya nyuki shambani vina thamani kubwa kuliko fedha vinazoingiza. Shilingi elfu kumi inayopatikana mwezi Februari inaweza kuokoa gunia zima la korosho la mwezi Oktoba.

Zao moja, misukosuko mingi

Mijini huvuma mzaha kuwa msimu wa korosho ukinoga, wakulima wa Kusini huwanywesha mbuzi soda. Historia ya zao lenyewe haichekeshi sana. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi tani zisizofika 20,000. Operesheni ya vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na mashamba yao, bei waliyolipwa wakulima ilikuwa duni, na mwishoni mwa muongo huo ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua na machipukizi. Zao hilo liliinuka tena baada ya wakulima kujifunza kupulizia salfa na baada ya kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kutoa miche bora.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mkoani humo mwaka 2007 uliwapa wakulima sauti mnadani kupitia vyama vya ushirika. Leo Newala iko chini ya chama kikuu cha TANECU na Masasi chini ya MAMCU. Hata hivyo, mfumo huo haukuondoa hatari ya kutegemea zao moja, na miaka miwili iliyofuatana ilidhihirisha jambo hilo. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi, iliwekea mipaka uagizaji wa zao hilo na bei ikaanguka vibaya Kusini, ambako mbaazi ndiyo iliyokuwa fedha ya pili ya wakulima wengi. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo ya korosho. Novemba 12 mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Mnada wa kwanza wa TANECU mwaka 2024 ulipita Sh4,000 kwa kilo. Bei hupanda na kushuka namna hiyo, na aliyeko kijijini haishiki mkononi mwake.

Uwanda usio na mto

Masasi na Newala hutajwa pamoja, lakini kwa mtu wa bustani ni nchi mbili tofauti. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya meta 600 kutoka usawa wa bahari, ikitazama bonde la Mto Ruvuma kutoka genge refu linaloitwa Shimo la Mungu. Udongo wake ni wa mchanga, na mvua hunyesha kwa wingi wa kutosha, karibu milimita 1,000 kwa mwaka, lakini maji huzama chini kabisa. Juu ya uwanda hakuna mto wala kijito. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule, aliyepita huko mwaka 1906, alishangazwa na watu waliochagua kuishi juu na kuteka maji bondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni, hasa Mitema, na pampu ikiharibika au umeme ukikatika vijiji vya juu hurudi kwenye ndoo.

Masasi iko chini, magharibi mwa uwanda, kati ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Mahali ambapo uwanda unakutana na bonde, kama Ndanda, ambako watawa wa Kibenediktini walianzisha kituo mwaka 1906, chemchemi hutoka chini ya genge na mboga hulimwa hata wakati wa kiangazi. Mwenye shamba karibu na chemchemi kama hizo hahitaji mafundisho mengi.

Kwa aliyeko juu, bustani huanzia kwenye bati. Paa la meta za mraba 40, mvua ikiwa milimita 1,000, hupokea lita 40,000 kwa mwaka. Hata moja ya tano ikipotea kwa kumwagika na kukauka, hubaki lita 32,000. Vitanda vya mboga vyenye meta za mraba 20 kwa jumla hunywa takriban lita 100 kwa siku wakati wa jua. Kwa hesabu hiyo paa lingetosha kwa miezi kumi, ila mvua yote hunyesha kati ya Novemba na Mei na tangi la lita 5,000 humalizika kwa siku 50. Ugumu uko kwenye kuhifadhi, ndiyo maana kaya nyingi za uwandani huchimba kisima cha chini ya ardhi na kukisakafia kwa saruji. Ni gharama inayolipwa mwaka wa bei nzuri ya korosho. Mwaka mbaya hakuna anayeimudu. Busara ni kuanza nacho kabla ya pikipiki.

Wasio na kisima hulima kwa kufuata mvua. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu kupandwa, kwa hiyo uliosiwa mwanzoni mwa Desemba huwa mezani na sokoni kabla Januari haijaanza kuuma. Majani ya maboga, kunde na matembele hufuata, kisha bamia. Kisamvu hakikosekani mradi kuna muhogo. Maji ya kuoshea vyombo, yakichujwa na majivu, hutosha migomba mitatu na mipapai. Kaya isiyo na bustani hurudi msituni kuchimba ming'oko, viazi pori vinavyopendwa Kusini hata na wenye uwezo, lakini vichaka vimepungua kadiri mikorosho ilivyoongezeka.

Nyuki kati ya mikorosho

Nyuki hawahitaji ardhi ya mwenye mzinga. Huruka kilomita mbili tatu kila upande, na kwenye uwanda wa Makonde eneo hilo limejaa mikorosho inayochanua katikati ya kiangazi, wakati maua mengine ni haba. Upande wa Masasi kuna misitu ya miombo. Mkorosho nao hufaidika: wadudu, nyuki wakiwamo, hubeba chavua inayowezesha ua kufunga korosho.

Mizinga ya asili ya gome au gogo bado hutumika, na kasoro yake inajulikana. Ili kurina asali mtu huvunja masega yote, yakiwamo yenye majana, na mara nyingi kundi huhama. Aidha, kuchuna gome huua mti mzima kwa ajili ya mzinga mmoja. Sanduku la mbao lenye vipau juu, ambapo nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipau, huruhusu mrinaji kutoa masega ya asali iliyofunikwa na kuacha ya majana. Fundi seremala wa kijijini anaweza kulitengeneza mradi azingatie kipimo kimoja: kipau kiwe na upana wa milimita 32. Kikizidi, masega hupinda na kushikana. Sanduku hupakwa nta ndani ili kuvuta kundi, hutundikwa kwa waya kivulini, mbali na nyumba na njia ya watoto, na waya hupakwa oili chafu kuzuia siafu. Nyegere hazuiliki kirahisi. Mzinga usining'inie mahali anapoweza kuufikia. Kundi imara huweza kutoa kilo 10 za asali au zaidi katika mvuno mmoja. Kiangazi liwekewe karai la maji lenye mawe au vijiti vya kutulia, la sivyo litafuata ndoo za jirani na ugomvi utaanza.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa dawa. Mikorosho hupuliziwa wakati ule ule inapochanua. Salfa ya ubwiriunga si sumu kali kwa nyuki, ingawa vumbi lake huwakimbiza kwenye maua. Hatari iko kwenye viuatilifu vya kuua mbu wa mikorosho, hasa vya kundi la pairethroidi, ambavyo huangamiza nyuki waliopo shambani kwa saa chache. Mwenye mizinga hawezi kulimaliza jambo hili peke yake, kwa kuwa nyuki wake hula kwenye mashamba ya watu kumi. Panapokuwa na makubaliano kwenye chama cha msingi, dawa za wadudu hutumika tu pale mbu wanapoonekana kweli, hupulizwa jioni nyuki wakiwa wamerudi, na wenye mizinga hupewa taarifa siku moja kabla ili wazibe milango kwa chandarua usiku huo na kuifungua jua likiwa limepanda.

Asali iliyorinwa ikiwa imefunikwa kwa nta huwa na maji kidogo na haichachi. Ikihifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, hukaa zaidi ya mwaka bila kuharibika, jambo lisilowezekana kwa nyanya. Hivyo mwenye asali ya Agosti hana haraka. Anaweza kuiuza chupa moja moja kando ya barabara ya Mtwara hadi Masasi, na kubakiza ndoo moja kwa ajili ya Januari, shule zinapofunguliwa.