Mzigo wa Maktaba za Sauti

Tangu zamani binadamu alifanya muziki kwa mikono na kwa pumzi yake: alipiga ngoma, akapuliza baragumu, akacharaza zeze. Katikati ya karne ya 20 alipata chombo kingine kisichokuwa na ngozi wala uzi, nacho ni kompyuta. Historia ya chombo hiki ni historia ya watu waliotengeneza kitu kidogo kwa makusudi, kisha wakawaachia wenzao nafasi ya kukiongeza. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi nyongeza hizo, ziitwazo maktaba, zilivyotokea na zinavyopakiwa katika programu za sauti, na kwa nini jambo hilo ni zito zaidi kwa mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma kuliko kwa mwenzake wa Paris.

Mwanzo ulikuwa Marekani. Mwaka 1957, katika maabara za Bell huko New Jersey, mhandisi Max Mathews aliandika programu aliyoiita MUSIC, na kompyuta kubwa ya IBM ikatoa muziki wa sekunde 17. Mashine za siku zile hazikuweza kutoa sauti papo hapo. Zilikokotoa kwanza, na msikilizaji akangoja. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata Mathews alikuza wazo lenye maisha marefu, kwamba sauti yaweza kujengwa kwa vipande vidogo vidogo, kimoja kikizalisha wimbi, cha pili kikiongeza au kupunguza nguvu yake, cha tatu kikilichuja, kama mwashi ajengavyo nyumba kwa matofali.

Wazo hilo lilipata sura mpya mjini Paris, katika taasisi ya muziki iitwayo IRCAM. Huko, katika miaka ya 1980, Mmarekani Miller Puckette alitengeneza programu ambayo mtumiaji wake haandiki mistari ya maagizo, bali huchora. Kila kazi ni kisanduku kwenye kioo cha kompyuta, na kisanduku huunganishwa na kingine kwa uzi. Sauti hupita katika nyuzi hizo kama maji yapitavyo mferejini. Programu hiyo iliitwa Max, kwa heshima ya Mathews, na mwaka 1990 ikaanza kuuzwa. Mwaka 1996 Puckette, akiwa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, alitoa programu nyingine ya namna hiyo, Pure Data, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kuibadili bila malipo.

Puckette aliiacha Pure Data iwe ndogo. Kiini chake kina visanduku vya msingi tu, lakini mlango uliachwa wazi: ajuaye kuandika programu aweza kutunga visanduku vipya na kuwagawia wengine. Basi watu wakaanza kuongeza. Mark Danks alitunga Gem, maktaba ya picha, ili picha na sauti ziende pamoja. Krzysztof Czaja alitunga cyclone, ili visanduku vya Max vipatikane pia katika Pure Data. IOhannes m zmölnig, wa mji wa Graz nchini Austria, alitunga zexy. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikajaa.

Lakini wingi nao una taabu yake. Maktaba zilitawanyika huku na huku, na mgeni hakujua aanzie wapi. Ndipo Hans-Christoph Steiner na wenzake walipozikusanya katika furushi moja lililoitwa Pd-extended. Aliyelipata furushi hilo alipata programu pamoja na maktaba nyingi kwa mkupuo mmoja. Kulitunza kulikuwa kazi kubwa, na toleo lake thabiti la mwisho lilitoka mwaka 2013. Mwaka 2016, toleo la 0.47 la Pure Data lilikuja na kifaa kiitwacho deken, ambacho hutafuta maktaba katika intaneti na kuzishusha moja moja. Mageuzi hayo yalikuwa na faida, kwani kila maktaba iliweza kusahihishwa bila kungoja nyingine. Lakini yalihamisha mzigo. Zamani ulibebwa na mtunza furushi. Sasa unabebwa na mtumiaji, tena mtumiaji mwenye intaneti.

Yafaa ijulikane kwamba kuishusha maktaba si kuipakia. Kwanza, faili zake zapaswa kuwa katika folda ambayo Pure Data huitazama. Zikiwa mahali pengine, programu lazima ionyeshwe njia. Pili, ziko maktaba ambazo kila kisanduku kina faili lake, nazo hutumika mara njia ijulikanapo. Ziko nyingine zilizofungwa katika faili moja, nazo sharti ziitwe kwa jina, ama programu inapoanza, ama kwa kisanduku kiitwacho declare kinachowekwa ndani ya mchoro wenyewe. Tatu, maktaba lazima ilingane na mashine: iliyotayarishwa kwa ajili ya Windows haifanyi kazi katika Linux, na ya biti 64 haipokelewi na programu ya biti 32. Sharti moja likikosekana, kisanduku huonekana kimezungushiwa mstari wa vipande vipande, na sauti hukomea hapo.

Sasa na tuitazame Turkana. Kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, hadi Kakuma ni kama kilomita 120, katika barabara itokayo Kitale kwenda Lokichoggio. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili. Elimu ya kompyuta imekwisha kufika huku. Ukingoni mwa Ziwa Turkana, shirika la Learning Lions lilipata mwaka 2021 chuo kilichobuniwa na msanifu Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, ambako vijana hufundishwa kazi za kompyuta. Lakini intaneti ina gharama, wala haifiki kila mahali.

Tuseme mwanafunzi wa Lodwar amenasa sauti za ngoma ya edonga, akazichorea njia katika Pure Data, kisha akampelekea mwenzake wa Kakuma mchoro huo kwa flashi. Mwenzake aufungua: visanduku vitatu vina mistari ya vipande vipande, na spika ziko kimya. Hana intaneti ya kutafuta kilichokosekana. Kazi ya majuma mengi haisikiki, si kwa upungufu wa akili ya yeyote, bali kwa sababu mchoro ulisafiri na maktaba zikabaki nyumbani.

Wafugaji wa Turkana wanalijua jambo hili kabla ya kompyuta. Wanapohama, punda hupakiwa vyombo vya maji, ngozi na vitu vyote vya nyumbani, kwa maana hapana anayeacha chombo cha maji nyuma akitumaini kukikuta mbele. Mtunzi wa sauti naye yampasa afanye vivyo hivyo. Aweke maktaba alizozitumia katika folda moja na mchoro, na kisanduku cha declare kitaje njia ya kuzifikia. Aorodheshe majina na matoleo yake. Asome leseni, ambazo kwa maktaba nyingi huruhusu kunakili. Tena, iwezekanapo, atumie maktaba zilizochorwa kwa visanduku vya Pure Data vyenyewe, kwani hizo hazichagui mashine.

Mathews, Puckette na wengi waliowafuata walitoa bure matunda ya kazi yao, na kwa ukarimu huo mtoto wa Lodwar ana haki sawa na mtoto wa Paris ya kutunga sauti. Lakini haki hiyo haijiendei yenyewe hadi Kakuma. Hufika pale mtu anapokumbuka kuipakia.