Wepesi na Uhafifu: Maana ya Uwepesishaji katika Vipuri vya Baiskeli ya Mlima

Miongoni mwa istilahi ambazo mfanyabiashara wa pwani yetu hukutana nazo mjini Guangzhou, awe amekuja kwa Maonyesho ya Canton, ambayo tangu mwaka 1957 hufanywa mara mbili kila mwaka, au awe ni mkaazi wa siku nyingi wa mtaa wa Xiaobei, anayewanunulia wenziwe wa Dar es Salaam na Mombasa bidhaa na kuzisimamia mpaka zimefungwa ndani ya kontena, ipo moja ambayo aghalabu huikuta katika vijitabu vya vipuri vya baiskeli za mlima, nayo ni qingliang hua. Neno hili la Kichina sanifu limeungwa kwa vipande vitatu: qing, ndio wepesi, liang, ndio kiasi au kipimo, na hua, kiungo chenye maana ya kukigeuza kitu kiwe katika hali fulani. Wahandisi wa China hulitumia kwa magari na ndege kama walitumiavyo kwa baiskeli, na muradi wake si kupunguza uzito tu, bali ni kuupunguza ilhali nguvu na usalama wa chombo vimebaki pale pale. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha istilahi, na ndilo linaloanguka njiani kila inapofasiriwa kwa haraka.

Tafsiri iliyo karibu na mkono ni "upunguzaji wa uzito", na wengi huridhika nayo. Walakini maneno hayo hutaja kitendo cha kuondoa wala hayasemi lolote juu ya kinachobakia; mtu akikata nusu ya bomba la fremu kwa msumeno, amepunguza uzito. Mwenye kuijua asili ya Kiarabu katika lugha yetu angeweza kupendekeza "uhafifishaji", na kwa upande wa nasaba hangekosea, kwa maana khafifu kwa Kiarabu ni chepesi, na takhfifu ni kukifanya kitu kiwe chepesi, sawasawa na qingliang hua. Lakini neno hilo lilipofika kwetu lilichukua njia nyingine: kitambaa hafifu kwetu ni kitambaa duni, na hoja hafifu ni hoja isiyosimama. Muuzaji atakayeandika juu ya boksi lake kwamba fremu imehafifishwa atakuwa ameitangaza aibu ya mali yake mwenyewe.

Naona kwa hiyo kwamba neno linalofaa ni "uwepesishaji", kutokana na wepesi, kwa kuwa mtu mwepesi kwa Kiswahili si yule mwenye kilo chache peke yake, bali ni yule ambaye viungo vyake vinamtii, anayeamka upesi na kushika kazi. Wepesi kwetu tayari umebeba ndani yake uwezo wa kutenda, na uhafifu tayari umebeba upungufu wake, hata fundi aliye na maneno haya mawili ana kipimo kamili kabla hajanunua mizani. Kila kipuri kilichopunguzwa gramu hakina budi kuangukia upande mmoja au mwingine, na kazi ya mnunuzi ni kujua upande gani.

Nilipata kuona jambo hili kwa karibu katika duka la vipuri, wilaya ya Yuexiu, ambako muuzaji aliweka juu ya mizani ya umeme, mbele ya kijana mmoja mfanyabiashara wa Tanga, kaseti mbili za Shimano za vyuma kumi na viwili, yaani lile fungu la magurudumu ya meno ya nyuma ambalo mafundi wengi wa kwetu wangali wakiliita friwili. Ya kwanza, ya daraja la Deore, ilikaribia gramu 590. Ya pili, ya daraja la XTR, haikufika gramu 370, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile. Yule kijana aliishika ya pili, akaigeuzageuza katika vidole, akamwinamia mzee wa Kizanzibari aliyekuwa akimfasiria, akasema, "Mzee wangu, hiki si hafifu hiki?" Mzee akamjibu, "Si hafifu, mwanangu, ni chepesi; lakini muulize kwanza kitakula cheni ngapi kabla ya kufa." Swali hilo lilikuwa mahali pake hasa, kwa sababu kaseti ya bei ndogo ni ya chuma karibu yote, na ile ya bei kubwa imechanganywa chuma, titani na alumini, na meno ya alumini, ambayo ni laini, huliwa upesi na cheni iliyojaa mchanga na matope.

Sasa na tuzipime hizo gramu 220 kwa kazi na si kwa macho. Mlima Baiyun, ulioko kaskazini ya mji wa Guangzhou, una kilele kiitwacho Moxing Ling chenye mita 382; tuchukue kwamba mpanda baiskeli anainuka mita 350. Ikiwa yeye na baiskeli yake ni kilo 88, kazi ya kuuinua mzigo huo ni jouli 302,000 hivi, na miguu itoayo wati 200 huimaliza kwa dakika 25, tukiacha nje ukinzani wa tairi na upepo. Punguza kilo moja nzima, na utakuwa umeokoa sekunde 17. Punguza tofauti ya kaseti zile mbili, na utakuwa umeokoa sekunde nne. Kwa mshindani wa mbio za dunia sekunde nne ni kitu kikubwa. Kwa kijana wa Lushoto anayepanda kwenda kwao na kurudi, ni muda wa kufuta jasho.

Hata hivyo si haki kuzihesabu gramu zote sawa popote zilipo, na hapa ndipo elimu inapozidi mizani ya kaunta. Gramu iliyo kwenye rimu na tairi huhesabiwa kama mbili wakati wa kuongeza mwendo, kwa maana huenda mbele na papo hapo huzunguka. Lakini katika mpando wa mwendo mmoja hurudi kuwa gramu moja kama nyingine yoyote, jambo ambalo watangazaji wa magurudumu mepesi hawapendi kulisema. Aidha, uzito ulio chini ya shokapu, yaani wa magurudumu, breki na, kwa baiskeli yenye shokapu ya nyuma, kaseti yenyewe, una taathira yake ya pekee: gurudumu likiwa zito hukawia kurudi ardhini baada ya kugonga jiwe, na tairi isiyogusa ardhi haishiki kona wala haitii breki. Kwa hiyo yamkini gramu 220 zile, ambazo mpandoni hazikuwa na faida kubwa, zikaonekana kwenye mteremko wa mawe.

Juu ya fremu pana itikadi iliyoenea, kwamba alumini ni nyepesi na chuma ni kizito, na basi. Mita ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,800 hivi, ya titani 4,500 na ya alumini 2,700. Lakini ukakamavu wa metali hizo, yaani jinsi zinavyokataa kupinda, unafuatana karibu kwa uwiano ule ule, kiasi cha gigapaskali 200 kwa chuma, 110 kwa titani na 70 kwa alumini. Maana yake ni kwamba kwa kila kilo moja, metali zote tatu hukataa kupinda kwa kiasi kinachokaribiana mno. Wepesi wa fremu ya alumini hautoki katika metali peke yake, bali hutoka katika umbo: bomba hupanuliwa, kwa sababu bomba la upana maradufu, kuta zake zikiwa na unene ule ule, huwa kakamavu mara nane, na kisha kuta zenyewe hupunguzwa unene. Njia hii ina mwisho wake, kwani kuta zikizidi wembamba fremu huingia kishimo kwa kugongwa kidogo tu, kama kopo la maziwa. Fauka ya hayo kuna uchovu wa metali: chuma kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kutikiswa takriban milele, ilhali alumini haina kiwango hicho, na kila mtikisiko, hata ule mdogo, huondoa kitu katika umri wake. Nyuzi za kaboni, ambazo katika jimbo hili la Guangdong zimekuwa kazi ya viwanda vingi, ni nyepesi kuliko zote na hazichoki kwa namna ya alumini, lakini nguvu yake iko katika mwelekeo uliolazwa nyuzi, na pigo la jiwe kutoka ubavuni huweza kuzipasua ndani pasipo rangi ya juu kuonyesha alama. Kwa ajili hiyo kanuni ya kimataifa ya ISO 4210 ina majaribio ya kuzichosha fremu, foku na usukani kwa kuzikaza na kuzilegeza mara maelfu mengi. Na mnunuzi aliyeko Guangzhou ana haki ya kuuliza karatasi ya majaribio hayo kabla hajauliza uzito.

Ama neno la pili katika mizani hii, lile la namna kipuri kifanyavyo kazi yake, ambalo vijitabu hutaja baada ya uzito, wafasiri hulifasiri kuwa "ufanisi", nami siliafiki. Ufanisi ni kufaulu kwa jambo. Kipuri hakifaulu wala hakishindwi, hutenda. "Utendaji" ni neno bora, kwa kuwa humlazimisha msemaji ataje kitendo: utendaji wa breki ni kuzuia na kutupa joto, wa tairi ni kushika na kutopasuka, wa kaseti ni kubadilisha gia na kudumu. Mjenzi wa baiskeli wa California, Keith Bontrager, anatajwa kuwa ndiye aliyewaambia wanunuzi kwamba katika nguvu, wepesi na bei ndogo wachague viwili. Ni kauli ya kweli, lakini ina pengo, kwa maana nguvu nayo yataka kuulizwa: nguvu ya kufanya nini?

Mfano ulio wazi kupita yote ni breki. Zile jouli 302,000 ambazo mpandaji alizitoa jasho kuufikia Moxing Ling hazikupotea. Zinamngoja akishuka, na kile ambacho upepo na tairi havikukichukua lazima kigeuzwe joto na visahani viwili vya chuma. Kisahani cha milimita 203 huzuia kwa nguvu inayozidi ile ya milimita 160 kwa zaidi ya robo, kwa mkono ule ule wenye kubana, na kina eneo kubwa zaidi la kutolea joto, na uzito unaoongezeka kwa ajili hiyo ni gramu zisizofika mia. Kuzifuta gramu hizo ili zipatikane sekunde mbili za mpandoni si uwepesishaji. Ni uhafifishaji, kwa maana yote ya Kiswahili. Nasema hivyo bila kusita, kwa kuwa anayelipa hasara ya kosa hilo ni mtoto wa watu, mteremkoni.

Kwetu mizani hii huegemea pengine tofauti na pale wanapoegemea Wachina na Wazungu. Baiskeli za Phoenix zilizotoka Shanghai, zikakaribia kilo 20 kila moja, hazikuonewa haya na mtu katika vijiji vyetu, kwani juu ya kilo hizo ilipakiwa mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa, na kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako jina la boda-boda lilizaliwa, walipakiwa abiria. Huo ulikuwa utendaji uliotajwa kwa jina na kulipiwa. Baiskeli ya mlima imekuja kwa kazi nyingine, na mwenye kuiagiza kwa ajili ya vijana wa Usambara, au wa Naivasha waendao Hell's Gate, ambako baiskeli zinaruhusiwa kuingia hifadhini, afadhali aandike katika karatasi yake ya oda mistari miwili kwa kila kipuri, uzito katika mstari wa kwanza na kitendo katika wa pili. Mathalani: kaseti ya gramu 590, ya chuma, kwa vumbi, kisahani cha milimita 203 mbele na 180 nyuma, kwa mteremko mrefu, tairi ya gramu 950 yenye ubavu ulioongezwa nguvu, kwa mawe makali. Gramu za kupunguza azitafute kwenye kiti, nguzo ya kiti na vishikio, ambavyo vikivunjika vingalipo madukani kwetu.