Hesabu za Injini ya Mvuke Zilivyofika Mbarara

Msikilizaji wa Juru au Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akifungulia Radio West ya Mbarara kwenye 100.2, husikia stesheni moja tu. Hewani yamejaa mawimbi ya stesheni nyingine, ya simu, hata ya marubani. Kinachomtengea hiyo moja ni kichujio: sakiti inayopitisha masafa yanayotakiwa na kuyazuia mengine.

Asili ya hesabu za kichujio hicho si redio. Mwaka 1854 mwanahisabati Mrusi, Pafnuty Chebyshev, alikuwa akishughulika na injini ya mvuke. Vyuma alivyobuni James Watt vya kuongoza pistoni vilikwenda karibu na kunyooka, lakini havikunyooka kabisa. Chebyshev akauliza: kosa lisiloepukika ligawanywe vipi ili hata lile kubwa kuliko yote liwe dogo? Jibu lake lilikuwa polinomia zinazopanda na kushuka kwa kimo kilekile ndani ya mipaka, na zikishavuka mpaka hupaa ghafla. Alifariki 1894. Redio hakuiona.

Kichujio chenyewe kilibuniwa 1915 na wahandisi wa simu, George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Waliunganisha koili na kepasita hatua kwa hatua. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth aliigeuza kazi hiyo: kwanza chora umbo unalolitaka, ndipo utafute polinomia inayolikaribia. Kichujio kamili, kinachokata masafa kama kisu, hakijengeki, kwa hiyo kazi yote ni kukaribia. Yeye alichagua utambarare: masafa yanayopita yapite kwa nguvu ileile. Kila digrii inayoongezwa kwenye polinomia yake huzidisha kizuizi kwa takriban desibeli 6 kila masafa yanapoongezeka maradufu.

Wilhelm Cauer, Mjerumani, hakuridhika na mteremko huo wa taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alilipeleka wazo la Chebyshev pande zote mbili, yanakopita masafa na yanakozuiwa, kwa kugawanya polinomia kwa polinomia. Hakuna kichujio cha digrii ileile kinachokata kwa ukali kuliko chake. Aliuawa Berlin, Aprili 1945, vita vikielekea ukingoni.

Uganda ilianza kutangaza 1954, na kwa miaka mingi redio ilikuwa ya serikali peke yake. Masafa yalikuwa wazi, na kichujio dhaifu hakikumuudhi mtu. Mambo yaligeuka 1993, Sanyu na Capital zilipofunguliwa Kampala, kisha stesheni binafsi zikaenea hadi magharibi ya nchi. Tangu hapo kila mtambo wa kurushia ulihitaji nidhamu. Mtambo wa 100.2 huzaa pia wimbi la masafa maradufu, megahezi 200.4, katikati ya eneo la televisheni. Kichujio cha mtindo wa Chebyshev, kinachotumia polinomia zake, hulikata kabla halijafika kwenye antena. Studioni, sauti ya stirio hukomea kilohezi 15 kwa sababu kwenye 19 ipo ishara inayoiongoza redio ya msikilizaji. Nafasi hiyo finyu ndiyo uwanja wa Cauer. Na fundi akiifungua redio ya mkononi, atakuta kijipande cha seramiki chenye miguu mitatu, kilichotengenezwa kwa megahezi 10.7. Anabadilisha kijipande, hesabu zilishafanywa kiwandani.

Ukali, hata hivyo, si sifa kila mahali. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kinafundisha uhandisi wa vifaa vya tiba. Mashine ya kupima umeme wa moyo huvamiwa na hezi 50 za umeme wa ukutani, lakini kichujio kikali huvuruga umbo la mchoro, na daktari anaweza kuona ugonjwa usiokuwepo. Kwa kazi zinazotaka umbo lisivurugike, W. E. Thomson alionyesha 1949 faida ya polinomia za Bessel: hukata polepole kuliko zote zilizotajwa hapa, ila mchoro hutoka na umbo lake. Pale umbo linapotangulia ukali, hizo hufaa.