Kapu la Chakula na Ujira wa Manamba

Ukubwa wa ujira haujulikani kwa kuhesabu fedha peke yake. Shilingi mbili mahali penye nafaka rahisi zaweza kumshibisha mtu, na shilingi kumi penye njaa zisimtoshe. Kwa hiyo Robert Allen, mwanahistoria wa uchumi, pamoja na wenzake, walipotaka kulinganisha maisha ya vibarua wa Asia na Ulaya, walipima kwa kapu: nafaka iliyo rahisi mahali pale, kunde, nyama kidogo, mafuta, nguo na kuni. Kisha waliuliza, ujira wa mwaka wanunua makapu mangapi? Mwaka 2011 walionyesha kwamba vibarua wa miji mikubwa ya China katika karne ya 18 waliishi karibu sawa na wenzao wa Ulaya ya kati na ya kusini, lakini chini ya wale wa London.

Mwaka 2012 Ewout Frankema na Marlous van Waijenburg walilileta kapu hilo Afrika, wakapima ujira wa vibarua wa mijini katika makoloni 9 ya Waingereza, tangu 1880 hadi 1965. Waliona kwamba ujira huo ulipita kiasi cha kujikimu, tena uliongezeka. Na katika Afrika ya Magharibi na Mauritius uliuzidi sana ule wa Asia. Basi umaskini wa Afrika si jambo la tangu asili.

Walakini mizani hiyo ni ya mjini, na watu wengi wa Iringa na Mbeya hawakuishi mjini. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kila nyumba ilihitaji fedha. Pwani ilikuwa mbali, reli haikuwapo, na kupeleka mazao sokoni kulikuwa ghali. Kilichobaki cha kuuzwa ni nguvu za mikono. Wabena wa Njombe walikwenda kukata mkonge Tanga. Wanyakyusa wengi walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, ambayo ndiyo iliyosababisha mji wa Mbeya kuanzishwa mwaka 1927. Waliokwenda kwenye mkonge kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba; na mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuwaandikisha, iliyoitwa SILABU.

Manamba alipata mshahara na posho yake. Mkewe na watoto, walipobaki nyumbani, walikula walichokilima wenyewe. Mwajiri aliweza kulipa gharama ya mtu mmoja tu. Kumlea kabla hajaajiriwa, kumwuguza akirudi, na kuilisha jamaa yake, kulilipwa na jembe la kijijini. Udogo wa mshahara, basi, haukuonyesha kwamba maisha yalikuwa rahisi, bali kwamba sehemu kubwa ya gharama yake ilibebwa na mwanamke asiyeandikwa katika daftari lo lote.

Kwa sababu hiyo, atakayepima hali ya maisha ya Nyanda za Juu za Kusini hana budi kutia katika mizani chakula cha shambani, kisha aondoe kazi ya mikono iliyokosekana nyumbani muda wote wa mkataba. Asipofanya hivyo, atakuwa amepima mfuko wa manamba, wala hajaipima nyumba yake.