Nadharia Tete, Sampuli Mbili na Regresheni ya Mstari

Nadharia tete ni kauli kuhusu kundi zima la watu au vitu ambayo bado haijathibitishwa, na ambayo mtafiti yuko tayari kuipima kwa data. Sifa ya tete imechaguliwa vizuri: kauli hiyo ni kama punje iliyokwisha kutunga lakini haijakomaa, na inaweza kukomaa au kuanguka. Katika takwimu nadharia tete huja mbilimbili. Moja husema hakuna tofauti kati ya makundi yanayolinganishwa, na kwa kuwa inadai tofauti hiyo ni sifuri, inafaa kuitwa nadharia tete sifuri. Ya pili, yaani nadharia tete mbadala, husema tofauti ipo. Kinachopimwa ni ile ya kwanza. Mtafiti huuliza: kama kweli hakuna tofauti, data hizi zingekuwa za ajabu kiasi gani?

Mfano mashuhuri katika somo hili ulichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeandika kwa jina la Student. Gosset alichukua vipimo vya wagonjwa kumi waliopewa dawa mbili za usingizi, na kwa kila mgonjwa ziliandikwa saa za usingizi zilizoongezeka. Dawa ya kwanza iliongeza wastani wa saa 0.75, ya pili saa 2.33. Tofauti ni saa 1.58, na kwa macho inaonekana kubwa. Lakini wastani peke yake hausemi kitu mpaka ujulikane mtawanyiko wa data. Kwa dawa ya kwanza, kuna mgonjwa aliyepoteza saa 1.6 za usingizi na mwingine aliyepata saa 3.7 za ziada. Wagonjwa wanapotofautiana hivyo wenyewe kwa wenyewe, tofauti ya saa moja na nusu kati ya dawa inaweza kuletwa na bahati tu.

Ndiyo sababu tofauti ya wastani hugawanywa kwa kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti hiyo ingeyumba kama sampuli zingechukuliwa tena na tena. Jibu la mgawanyo huo ni thamani ya t. Data za Gosset zikichukuliwa kama sampuli mbili huru, kana kwamba waliopewa dawa ya kwanza si wale waliopewa ya pili, kosa sanifu ni 0.85 na t ni 1.86. Kwa digrii 18 za uhuru (vipimo 20 ukiondoa wastani mbili zilizokadiriwa), t inatakiwa ivuke 2.10 ili nadharia tete sifuri ikataliwe kwa kiwango cha 0.05. Haikuvuka.

Lakini wagonjwa walikuwa walewale. Mgonjwa wa tisa hakuongezewa chochote na dawa ya kwanza, ila ya pili ilimpa saa 4.6. Wa saba alipata 3.7 kisha 5.5. Wa tano alipoteza sehemu moja ya kumi ya saa kwa kila dawa. Hakuna hata mmoja ambaye dawa ya pili ilimfaa kidogo kuliko ya kwanza. Hapa panahitajika jaribio la sampuli zilizooanishwa: kila mgonjwa hulinganishwa na nafsi yake, na hesabu hufanywa juu ya zile tofauti kumi. Mtawanyiko kati ya mgonjwa na mgonjwa hutoka njiani, kosa sanifu hushuka hadi 0.39, na t hupanda hadi 4.06, ilhali mpaka kwa digrii 9 za uhuru ni 2.26. Namba ni zilezile na hukumu ni mbili tofauti, kwa sababu moja tu: jinsi data zilivyokusanywa. Mwanafunzi anayekimbilia kanuni kabla ya kuuliza swali hilo ameharibu kazi tangu mwanzo.

Thamani ya p katika jaribio hilo la pili ni 0.0028. Maana yake ni kwamba, kama dawa hizo zingekuwa sawa, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi, kwa upande wowote, ingetokea takriban mara 3 katika majaribio 1,000. Haisemi kuna uwezekano wa 0.0028 kwamba dawa ni sawa. Vilevile, t isipovuka mpaka, lugha sahihi ni kwamba mtafiti ameshindwa kuikataa nadharia tete sifuri. Kusema ameithibitisha ni kosa.

Mada ya pili ni regresheni, istilahi yenye historia tofauti. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alichapisha uchunguzi wa vimo vya watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, kutoka kwa jozi 205 za wazazi. Aligundua kwamba watoto wa wazazi warefu huwa warefu, lakini si kwa kiasi cha wazazi wao. Kwa wastani hubaki na theluthi mbili hivi ya kile ambacho wazazi wao wamezidi wastani. Watoto wa wazazi wafupi nao husogea juu. Kurudi huko (kwa Kiingereza, regression) kuelekea wastani ndiko kulikoipa mbinu jina lake. Kwa jambo aliloliona Galton, mrejeo ni neno zuri la Kiswahili. Kwa mbinu yenyewe, regresheni inafaa zaidi, kwa kuwa mstari wa leo unaochorwa kati ya mbolea na mavuno haurudi popote.

Regresheni rahisi ya mstari hutafuta mstari mmoja ulionyooka unaoeleza jinsi kigeu kimoja kinavyobadilika kingine kinapobadilika. Kati ya mistari yote, huchaguliwa ule ambao masalio yake, yaani umbali wa wima kutoka kila nukta hadi mstari, yakipigwa kipeo cha pili na kujumlishwa hutoa jumla ndogo kuliko zote. Mbinu hiyo ya vipeo vya pili vidogo kabisa ilichapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805, kwa ajili ya kukokotoa njia za nyotamkia angani.

Vitabu vingi huweka mada hizi mbili, ulinganisho wa sampuli mbili na regresheni, katika sura tofauti, na msomaji hudhani hazihusiani. Sivyo. Dawa ya kwanza ya Gosset ipewe namba 0 na ya pili namba 1, kisha regresheni ipigwe juu ya vipimo vyote 20. Mstari utaukata mhimili wima penye 0.75, wastani wa dawa ya kwanza. Mteremko wake utakuwa 1.58, tofauti ileile ya wastani. Na t ya kupima kama mteremko huo ni sifuri itatoka 1.86, sawasawa na ya sampuli mbili huru, mradi mtawanyiko wa makundi yote mawili umechukuliwa kuwa sawa. Regresheni hiyo nayo haijui kwamba wagonjwa ni walewale mpaka iambiwe. Data hizo zimo katika programu ya bure ya R kwa jina la sleep, na msomaji anaweza kupiga hesabu zote tatu mwenyewe.