Kutoka Dole Gumba hadi Saini ya Kielektroniki: Historia ya Uthibitisho wa Mikataba Wilayani Ngara na Biharamulo

Makala haya yanachunguza namna ridhaa ya mwananchi wa Ngara na Biharamulo ilivyothibitishwa katika mikataba yake na makampuni, tangu ukoloni hadi leo. Hoja kuu ni kwamba hofu ya udanganyifu katika saini za kielektroniki si mpya. Kilichobadilika ni mahali udhaifu ulipo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, vijana wengi wa Bugufi, Bushubi na maeneo jirani walikwenda kutafuta kazi Uganda na katika mashamba ya mkonge. Manamba asiyejua kusoma aliweka dole gumba kwenye mkataba aliosomewa na mtu mwingine. Alama ilikuwa yake. Maneno yaliyo juu yake hakuweza kuyahakiki. Udhaifu, basi, ulikuwa katika pengo kati ya alama na maandishi.

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 ilitungwa katika zama za karatasi. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank Tanzania Ltd dhidi ya Le-Marsh Enterprises Ltd, mahakama ya biashara ilizikubali kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye kompyuta. Marekebisho ya mwaka 2007 yaliruhusu ushahidi wa kielektroniki katika kesi za jinai. Hatimaye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliipa saini salama ya kielektroniki nguvu ya saini ya mkono, mradi iwe ya pekee, imtambulishe mtiaji saini, iwe chini ya udhibiti wake, na ifichue badiliko lolote la waraka.

Sharti hili la mwisho linaziba sehemu ya pengo la zama za manamba: waraka ukibadilishwa baada ya kusainiwa, hujulikana. Sharti la udhibiti, hata hivyo, linafungua pengo jingine. Mwaka 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Katika wilaya za mpakani, ambako Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 iliacha maswali mazito kuhusu uraia, asiye na namba hiyo hulazimika kutegemea laini ya mwingine. Saini inayothibitishwa kwa ujumbe wa simu huthibitisha simu, si lazima mtu.

Suala hili lina uzito katika eneo la uchimbaji, kuanzia dhahabu ya Tulawaka hadi nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake na Serikali ulisainiwa Januari 2021. Mkulima akikana saini iliyo katika waraka wa fidia, haitoshi kampuni kuonyesha kwamba waraka haukuguswa. Yapaswa ithibitishe pia nani aliyeshika simu, na kama aliyaelewa maandishi. Swali hili la pili ndilo lile lile ambalo dole gumba halikuwahi kulijibu.