Dawa ya Moto ni Moto

Juma hili nawachukua mbali, hadi milima ya Sierra Nevada katika jimbo la California, Marekani. Huko ndiko kwenye misekwoya, miti mikubwa kuliko yote duniani. Mmoja, uliopewa jina la General Sherman, una urefu wa mita 83 na umri unaokisiwa kupita miaka 2,000. Gome la miti hii hufika unene wa sentimita 60, na kwa karne nyingi moto ulipita chini yake ukaliachia makovu tu.

Moto ule mara nyingi ulikuwa na wenyewe. Wenyeji wa huko, Wamono na Wayokuts, walichoma vichaka na majani makavu kwa makusudi, kidogo kidogo. Wakaja wageni, wenyeji wakafukuzwa katika ardhi yao, na mwaka 1890 serikali ikatangaza hifadhi ya taifa ya Sequoia. Moto ukahesabiwa adui. Mwaka 1935 idara ya misitu ikatoa amri ambayo hadi leo inanichekesha: kila moto uwe umezimwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kana kwamba msitu nao huingia ofisini!

Ubaya ni kwamba amri ilitekelezwa. Vichaka na miti midogo ikajazana chini ya ile mikubwa. Miaka ya 1960 mtaalamu Richard Hartesveldt akaonyesha kuwa misekwoya inauhitaji moto: joto hufungua matunda yake makavu, na mbegu huota penye udongo mtupu. Mwaka 1968 hifadhi ikaanza kuchoma kwa mpango, lakini, kwa maoni yangu, kwa woga mno. Ukame wa 2012 hadi 2016 ukakausha yaliyobaki.

Mwaka 2020 moto mmoja uliua misekwoya mikubwa isiyopungua 7,500. Mwaka uliofuata ikafa mingine zaidi ya 2,000. General Sherman ulivikwa karatasi ya alumini shinani, nayo picha ikazunguka dunia nzima. Hazikupigwa picha nyingi za kazi ya miaka mingi ya kuchoma msitu unaouzunguka, kazi iliyoufanya moto ule ufike pale umepungua nguvu.

Ukaundwa muungano wa kuilinda miti hii, na kabila la Tule River, ambalo wengi wake ni wazao wa Wayokuts wale wale, limo ndani yake.